Sikukuu za Dini katika Nchi Isiyo na Dini

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyo na dini, na ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini itazame orodha ya sikukuu za taifa. Ukiacha Jumapili ya Pasaka, ambayo ingekuwa siku ya mapumziko hata bila kutajwa na sheria, Wakristo wana siku nne: Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na siku inayoifuata. Waislamu nao wana nne: mbili za Idd el-Fitr, moja ya Idd el-Hajj na moja ya Maulidi. Nne kwa nne. Hakuna ibara inayosema kwamba nchi ina dini mbili, ila kalenda yake inasema hivyo kila mwaka. Wapo wanaoona hapa dola inajipinga yenyewe, na dawa wanayopendekeza ni kuzifuta sikukuu zote za dini zibaki zile za kitaifa peke yake. Wapo wanaoona kasoro iko kwingine, kwamba orodha ni fupi mno na kila dini ingepaswa kuingizwa. Pande zote mbili zinapima usawa kwa kuhesabu siku zilizomo kwenye orodha, na hapo ndipo zinapokosea. Kipimo kinachofaa ni gharama: raia anapotaka kuitii imani yake, analipa nini ambacho jirani yake wa imani nyingine halipi?

Tuanze na wanaotaka kufuta, kwa sababu hoja yao ndiyo inayoonekana kunyooka zaidi. Ikiwa dola haina dini, wanasema, basi isimfungie mtu ofisi kwa sababu ya kuzaliwa, kusulubiwa au kuhiji kwa yeyote. Historia imeijaribu njia hii mara kadhaa. Wanamapinduzi wa Ufaransa walianza kuitumia kalenda mpya mwaka 1793, juma likawa la siku kumi ili Jumapili ipotee kabisa. Kalenda hiyo ilikoma mwanzoni mwa mwaka 1806. Cuba iliiondoa Krismasi katika siku za mapumziko mwaka 1969, kwa maelezo kwamba inavuruga mavuno ya miwa, ikairudisha mwishoni mwa miaka ya tisini kuelekea ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Karibu nasi zaidi, serikali ya Mobutu Sese Seko nchini Zaire iliiondoa Krismasi katika orodha ya sikukuu mwaka 1974, miaka michache baada ya kuwataka wananchi waache majina ya Kikristo. Leo Krismasi ni sikukuu ya taifa katika nchi hiyo, ambayo sasa inaitwa Kongo. Kote huko kufuta hakukuwa tendo la dola iliyojitenga na dini. Kulikuwa tendo la dola iliyoingia ugomvini na dini, na wananchi waliuelewa ujumbe huo. Serikali inayomwambia muumini kwamba siku yake haina nafasi nchini tayari imetoa hukumu juu ya imani, hata kama haikutaja imani nyingine ya kushika nafasi hiyo.

Kuna namna ya upole zaidi ya kufuta, nayo ni kubadili jina. Sheria ya sikukuu ya Afrika Kusini ya mwaka 1994 inaiita Jumatatu ya Pasaka Siku ya Familia, na 26 Desemba Siku ya Nia Njema. Ijumaa Kuu na Krismasi zilibaki na majina yake. Nia ilikuwa njema, lakini Siku ya Familia bado inaifuata Pasaka kokote inakokwenda, na Mwislamu wa Cape Town au Mhindu wa Durban anayetaka siku yake analazimika kuiomba. Ufaransa yenyewe, ambayo tangu sheria ya mwaka 1905 ya kutenganisha dola na makanisa hutajwa kama mfano wa nchi isiyo na dini, ina sikukuu kumi na moja za kisheria, na sita kati yake zimetoka katika kalenda ya Kanisa, zikiwemo Kupaa kwa Bwana, Kupalizwa kwa Maria na Watakatifu Wote. Mwaka 2003 tume iliyoongozwa na Bernard Stasi ilipendekeza shule zifungwe pia siku ya Yom Kippur ya Wayahudi na siku ya Idi kubwa ya Waislamu. Serikali ya Jacques Chirac iliyachukua mapendekezo ya kuzuia alama za dini shuleni, yakawa sheria mwaka 2004, na hili la sikukuu likawekwa kando. Funzo lake ni wazi. Nchi ikidai haina dini huku ikiirithi kalenda ya dini moja, sikukuu za walio wengi huhesabiwa kuwa utamaduni wa wote, na za walio wachache ndizo zinazoitwa dini.

Zaidi ya hayo, wanaotaka kufuta husahau sikukuu kubwa kuliko zote, ile inayorudi kila juma. Siku za dini zilizomo katika orodha ya Tanzania hazifiki kumi. Jumapili ni hamsini na mbili kwa mwaka. Mkristo wa madhehebu mengi anaamka siku ya ibada akiwa na ruhusa ya nchi nzima. Mwislamu anayekwenda kuswali Ijumaa adhuhuri anategemea uelewano na msimamizi wake. Msabato ana nafuu ofisini, kwa kuwa Jumamosi serikalini ni mapumziko, lakini dukani, kiwandani na kwenye ratiba za mitihani ana kazi ya kujieleza. Hata sheria zinazoonekana kuwa za hesabu tu hubeba upendeleo huu: nchini Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata huwa mapumziko, ila ikiangukia Jumamosi hakuna fidia. Upande wa Ghuba mambo yamegeuka kinyume, na yanathibitisha jambo lilelile. Oman inapumzika Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu, kuanzia Januari 2022, ziliyahamishia mapumziko ya serikali Jumamosi na Jumapili ili ziende sambamba na masoko ya dunia, lakini zikaifanya Ijumaa kuwa nusu siku ili swala isipotee. Juma lenyewe la siku saba limetufikia kupitia dini. Kwa hiyo dola haiwezi kuipata kalenda isiyogusa dini hata ikitafuta vipi. Ikifuta Krismasi na Idi ikabakiza Jumapili, itakuwa imefuta kidogo na kubakiza kikubwa.

Njia ya pili ni kugawana. Singapore ilipopunguza sikukuu zake mwaka 1968 kwa ajili ya uchumi, kila kundi lilikubali kuachia kitu. Wakristo waliachia Jumatatu ya Pasaka na siku ya pili ya Krismasi, na Waislamu wakaachia Maulidi ili wabaki na Idi zote mbili. Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingi duniani, ina sikukuu za Wakristo, Wahindu na Wabudha, na mwaka mpya wa Kichina uliongezwa mwaka 2003. Ethiopia inaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Chini ya Haile Selassie sikukuu za Kiislamu hazikutambuliwa na dola, ingawa Waislamu walikuwa sehemu kubwa ya wananchi. Aprili 1974 walijaa barabarani Addis Ababa wakidai usawa, na serikali ya kijeshi iliyoshika madaraka mwaka huohuo ikaziingiza Idi na Maulidi katika sikukuu za nchi. Waliokuwa wakiandamana hawakuwa wakililia siku ya kulala tu. Walitaka dola ikiri kwamba wao ni wenyeji. Sikukuu iliyoandikwa katika sheria ni ukiri wa namna hiyo, na ndiyo maana mizani ya nne kwa nne ya Tanzania haifai kudharauliwa. Imesaidia kuondoa hisia kwamba nchi ni ya upande mmoja.

Hata hivyo kugawana kuna ukomo wake, kwani mgawo humfikia aliyehesabiwa tu. Diwali haimo katika orodha ya Tanzania, ingawa jamii za Kihindu zimekuwapo Dar es Salaam, Tanga na Unguja kwa vizazi vingi. Ashura ya Washia haimo. Anayeshika mila za wahenga, awe Msukuma au Mmijikenda wa kaya za pwani ya Kenya, hana siku hata moja. Na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaofuata kalenda ya kale ya Kishirazi, ni sherehe ya wenyeji isiyo na nafasi katika kalenda ya Muungano. Kenya imejaribu kutafuta upenyo: sheria yake inaitaja Idd-ul-Azha kuwa sikukuu ya Waislamu na Diwali kuwa sikukuu ya Wahindu, bila kuwafungia ofisi watu wengine. Ni wazo lenye busara kuliko linavyosifiwa, ila bado linamtaka mtu awe wa dini iliyotajwa na sheria. Ukitaka kila dini itajwe, utajikuta na orodha isiyokwisha, na kila kundi jipya likiingia Bungeni kudai siku yake itabidi wabunge waamue imani ipi ni kubwa kiasi cha kustahili. Hakuna hukumu iliyo mbali zaidi na kazi ya dola isiyo na dini.

Tena dola inayogawa sikukuu za dini hujikuta ikiamua hata mambo ya ndani ya dini. Idi hufuata mwandamo wa mwezi, na Waislamu wenyewe hawakubaliani kama mwezi ulioonekana nchi nyingine unawahusu. Nchini Tanzania tangazo la Mufti ndilo hufuatwa rasmi, kwa utaratibu wa BAKWATA, baraza la Waislamu lililoanzishwa mwaka 1968. Nchini Kenya masikio huelekezwa kwa Kadhi Mkuu, kisha waziri hutangaza katika gazeti la serikali. Wanaofunga na kufungua kwa mwandamo wa Makka mara nyingine huswali Idi siku moja kabla, siku ambayo kisheria ni ya kazi. Serikali haikukusudia kuchagua kati ya rai mbili za kifiqhi, lakini kwa kutangaza siku moja imeshachagua. Anayefuata rai nyingine ataiomba ruhusa Idi yake mwenyewe, na kesho yake apumzike asipokuwa na haja.

Mifano hii yote inaelekea mahali pamoja. Orodha iwe fupi au ndefu, kuna mtu atakayebaki nje yake, na swali la haki ni nini kinampata mtu huyo. Mahakama za Afrika Mashariki zimekutana na swali hili waziwazi. Wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walilalamika kwamba masomo na mitihani ya Jumamosi iliwalazimisha kuchagua kati ya shahada na sabato. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Uganda ilikataa madai yao na kuona kwamba utaratibu wa chuo ulikubalika kisheria. Miaka kumi na mmoja baadaye, katika shauri la kanisa la Wasabato kuhusu shule za sekondari, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilielekea upande mwingine ikataka shule ziwape wanafunzi nafasi ya kuitunza Jumamosi yao. Tofauti ya hukumu hizi haikuwa juu ya sikukuu ngapi zimo kwenye orodha. Ilikuwa juu ya nani abebe mzigo: mwanafunzi kwa kukosa mtihani, au taasisi kwa kupanga ratiba upya. Mtihani ukihamishwa, taasisi inapata usumbufu. Mwanafunzi akiukosa, mwaka wake umeharibika. Mizigo hiyo miwili hailingani, na sheria ya haki humtwisha anayeweza kubeba bila kuvunjika.

Kwa kipimo hicho, utaratibu bora unahitaji mambo matatu. La kwanza ni kubakiza kiini cha pamoja: sikukuu za kitaifa, pamoja na siku chache za dini ambazo zimekwisha kuwa desturi ya nchi. La pili ni kumpa kila mfanyakazi na kila mwanafunzi siku mbili au tatu kwa mwaka azichague mwenyewe, bila kukatwa mshahara wala alama, mradi atoe taarifa mapema. Hili si jambo geni duniani. Watumishi wa serikali kuu ya India huchagua siku mbili kutoka orodha ndefu ya sikukuu za dini na jamii mbalimbali, mbali na zile zinazofunga ofisi kwa wote. Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu mwajiri na mwajiriwa kukubaliana kubadilishana sikukuu ya taifa na siku nyingine. Tanzania ina msingi wa kuanzia: sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka na malipo maradufu akifanya kazi siku ya sikukuu. Kinachokosekana ni haki ya kuchagua isiyotegemea huruma ya bosi. La tatu ni kupanga mambo makubwa ya umma yasigongane na siku za ibada. Uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2010 na wa 2015 ulifanyika Jumapili. Ule wa 2020 na wa 2025 ulifanyika Jumatano, na siku hiyo ikatangazwa kuwa ya mapumziko. Hakuna dini iliyopokonywa kitu, na hakuna iliyopendelewa. Ratiba za mitihani ya taifa na usaili wa ajira zingeweza kupangwa kwa uangalifu uleule.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wanaosema wengi wape. Kama wananchi wengi ni wa dini fulani, kwa nini kalenda isiwe yao? Nchini Tanzania hoja hii inakwama mapema, kwa kuwa sensa haijauliza dini tangu mwaka 1967, na baadhi ya viongozi wa Kiislamu waliohimiza sensa ya mwaka 2012 isusiwe walidai swali hilo lirudishwe. Kila upande una takwimu zake za mdomoni. Lakini hata pale idadi inapojulikana, kama Kenya ambako sensa ya mwaka 2019 iliwakuta Waislamu wakiwa takribani mmoja kati ya kila watu tisa, wingi haujibu swali la gharama. Wingi ni sababu nzuri ya kufunga ofisi siku ambayo watumishi wengi wasingefika hata hivyo. Si sababu ya kumkata mshahara yule mmoja siku yake inapofika. Tena utaratibu wa siku za kuchagua hauwanyang'anyi walio wengi hata siku moja, kwa hiyo anayeupinga kwa jina la wengi inabidi aeleze wao wanapoteza nini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Sikukuu ni ya watu kukutana, watasema, na kila mtu akichagua yake jamii itatawanyika. Umoja wa Kisovyeti uliionja hali hii mwaka 1929 ulipoanzisha juma la siku tano na kumpangia kila mfanyakazi siku yake ya mapumziko ili mitambo isisimame. Mume alipumzika leo, mke kesho, na malalamiko yakajaa; mwaka 1940 nchi ilirudi kwenye juma la siku saba na Jumapili yake. Hapa pwani na bara tunaijua faida ya siku ya pamoja: pilau la Idi hupelekwa kwa jirani Mkristo, na Krismasi jirani Mwislamu hukaribishwa, kwa sababu wote wako nyumbani. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linalofanya kiini cha pamoja kibaki na sikukuu za dini zibaki ndani yake. Anayetaka kufuta Idi na Krismasi ili nchi ionekane haina dini angewaondolea Watanzania mazoea yaliyowafundisha kuishi pamoja kuliko hotuba yoyote. Siku za kuchagua ziwe nyongeza ndogo juu ya msingi huo, si badala yake.

Wenye biashara nao wana hoja yao: siku za mapumziko ni nyingi, na uchumi unalipa. Wakitaka kupunguza, wafuate mfano wa Singapore, kila upande uachie kitu, na mazungumzo yawe na wote mezani. Siku mbili tatu za kuchagua, kwa kuwa hazifungi kiwanda kizima kwa pamoja, zina gharama ndogo kuliko sikukuu mpya ya nchi nzima. Na hofu ya udanganyifu, kwamba watu watajifanya waumini ili walale, inaondoka sheria isipouliza dini. Anayetaka kutumia siku yake kwa Diwali, kwa Ashura, kwa tambiko au kwa shamba lake asidaiwe barua ya mchungaji wala ya imamu. Hapo ndipo dola inapojitoa kweli katika dini, kwa sababu haina haja ya kujua.

Limebaki pingamizi ambalo halina jibu kamili. Mama lishe, mwendesha bodaboda na machinga hawana mwajiri wa kumwomba ruhusa, na sikukuu kwao ni siku ya soko zuri au siku ya njaa. Sheria ya ajira haiwafikii, na mjadala wote huu unaweza kuonekana kuwa wa wenye ajira rasmi, ambao ni wachache. Lakini watoto wa mama lishe wako shuleni, wanafanya mitihani, na kesho watafanyiwa usaili; huko ndiko ratiba ya dola inakokutana na imani ya nyumbani kwao. Marekebisho yangeanzia hapo, yasingehitaji kuongeza wala kufuta sikukuu hata moja. Wizara, vyuo na mabaraza ya mitihani yapewe wajibu wa kisheria wa kumpangia tarehe nyingine mwanafunzi ambaye siku yake ya ibada imegongana na mtihani, kisha sheria ya ajira ifuate. Mizani ya nne kwa nne iliwafaa waliokuwa na sauti wakati ilipopangwa. Kutokuwa na dini kwa dola kutapimwa kwa namna inavyomtendea yule ambaye sikukuu yake haikuandikwa.